Haidroliki ya mitambo kwa anayeanza: pampu haizalishi presha

Kijiko (backhoe, ule mtambo wa matairi wenye mkono wa kuchimbia) kikianza kuchoka saitini, yaani baketi linachimba kwa kusuasua na mkono unapanda kwa kujivuta, kila aliyesimama pale atakwambia neno moja tu: pampu. Opareta anasema pampu, fundi anasema pampu, mwenye mtambo anaanza kupiga simu kuulizia pampu bei gani, na pampu ya kijiko si hela ya mchezo, halafu inafungwa mpya na mtambo uko vilevile. Mara nyingi si kwamba fundi hajui kazi. Watu wengi wameijua haidroliki, yaani kutumia oili iliyofungiwa kusukuma mzigo, kwa vipande, huyu anajua kubadili sili (zile raba zinazozuia oili isivuje), yule anajua mipira, ila wazo la msingi hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza. Wazo lenyewe ni hili: pampu haizalishi presha. Pampu inasukuma oili tu. Presha inazaliwa pale oili inapokutana na kitu kinachoikatalia kupita.

Ukishaelewa hapo utaona malalamiko ya haidroliki karibu yote yanagawanyika mafungu mawili, mtambo hauna nguvu au mtambo hauna spidi, na hayo ni magonjwa tofauti kabisa. Kijiko kinachonyanyua mzigo wake wote ila polepole, presha kinayo, oili inayofika kwenye silinda ndiyo kidogo. Kijiko ambacho kikiwa kitupu kinachezesha mkono vizuri tu halafu kikigusa udongo mgumu kinagoma, huko oili inafika ila presha haipandi. Kwa hiyo opareta akikwambia "mtambo umekufa nguvu" usifungue boksi la spana bado, muulize kwanza, kikiwa kitupu kinatembeaje?

Kama unataka kuliona hili kwa macho nenda duka la dawa ununue mabomba mawili ya sindano, moja dogo la 5 ml na kubwa la 20 ml, huhitaji sindano zenyewe, na kipande cha ule mpira mwembamba wa dripu. Jaza maji yote mawili, unganisha midomo, hakikisha hamna hewa ndani. Sasa wewe sukuma dogo, mwenzako aweke dole gumba kwenye kubwa ajaribu kulizuia. Atashindwa, hata awe baunsa, na wewe hujatumia nguvu nyingi. Ila angalia umbali, lako limetembea sana la kwake limesogea kidogo, kwa hiyo nguvu uliyoipata umeilipia kwa mwendo. Halafu mwambie aondoe kidole kabisa, sukuma tena. Maji yanakwenda vilevile lakini wewe husikii upinzani wowote, presha imepotea ingawa "pampu" ni ileile na inafanya kazi ileile. Mwisho ruhusu kapovu ka hewa kaingie ndani urudie: utasikia linabonyea kwanza kabla ya kusukuma, na ndivyo mkono wa kijiko unavyodunda ukiwa na hewa kwenye mfumo.

Aliyeweka kanuni hii sawa ni Mfaransa Blaise Pascal, karne ya 17, kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa presha inasambaa sawasawa pande zote. Ilichukua muda mpaka Mwingereza Joseph Bramah alipochukua hati ya ubunifu ya mashine ya kukandamiza kwa maji mwaka 1795. Mitambo yetu ya leo imebadilisha maji ikaweka oili, maana oili inalainisha na haitii kutu.

Twende kwenye hesabu kidogo, usikimbie, ni kuzidisha tu. Chukua silinda ambayo pistoni yake ina kipenyo cha sentimita 10. Eneo lake ni 3.14 mara 5 mara 5, unapata sentimita za mraba 78.5. Bar moja ni takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo presha ikifika bar 200 silinda hiyo inasukuma kama kilo 15,700, tani 15 na ushee, kutoka kwenye kitu unachoweza kukikumbatia. Sasa rudisha. Upande wa kurudi kuna ile fimbo ya chuma inayong'aa, tuseme kipenyo chake sentimita 6, inakula eneo la 28.3, inabaki 50.2 tu, kwa hiyo kuvuta unapata tani 10 hivi. Ndiyo maana kwenye ekskaveta silinda za mkono mkubwa zimefungwa chini zikisukuma kwenda juu, na ya baketi inachimba kwa kutoka nje. Kazi ngumu wamewapa upande wenye eneo kubwa.

Spidi nayo ina hesabu yake. Pampu ya gia inayotoa sentimita za ujazo 32 kila mzunguko, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inatoa lita 64, toa zinazovujia ndani kwa ndani tuseme zinabaki 60. Lita 60 kwa dakika ni lita moja kila sekunde, igawe kwa eneo la pistoni ile ya kwanza unapata kama sentimita 13 kwa sekunde kwenda, na karibu 20 kurudi. Umeona? Kurudi ni haraka zaidi lakini nguvu ndogo, na mtu asiyejua anaweza kudhani silinda ina ugonjwa kumbe ndivyo ilivyo. Ona pia kwamba presha haijatajwa popote kwenye spidi. Ukitaka mkono uende haraka ongeza oili, ama kwa resi ama kwa pampu kubwa, kukaza skrubu ya presha hakukusaidii kitu.

Njia ya oili sasa. Inaanzia kwenye tanki, inapita chujio la kunyonyea, inaingia kwenye pampu, inakwenda kwenye kontroli valvu yenye zile leva, inachaguliwa iende silinda gani, upande gani, na oili ya upande wa pili wa silinda hiyohiyo inasukumwa kurudi, inapita rejeta ya oili kupoa, filta ya kurudi, tanki. Basi. Kijiko, greda, foklifti, tipa, wote ni familia hiyo moja. Panapohitajika kuzunguka badala ya kusukuma, mfano kuzungusha kabini ya ekskaveta au kuendesha cheni zake, silinda inabadilishwa na mota, nayo ni kama pampu inayofanya kazi kinyumenyume.

Pampu ziko za gia na za pistoni. Ya gia ni rahisi, ngumu, inavumilia shida, inatoa oili ileile kila mzunguko utake usitake, utaikuta kwenye tipa, foklifti na vijiko vingi vya zamani. Ya pistoni inaweza kupunguza au kuongeza oili yenyewe kulingana na kazi, ndiyo iliyoko kwenye ekskaveta na vijiko vipya, inafika presha kubwa zaidi (ekskaveta ya tani 20 inagusa karibu bar 350, wakati kijiko kinacheza kwenye 200 mpaka 250) ila uchafu kidogo tu inakufa. Kwenye mitambo ya pampu ya gia, leva zote zikiwa katikati oili inapita tu kwenye valvu na kurudi tanki bila kusumbuliwa, presha karibu na sifuri, hata kama injini inanguruma. Mtu akifunga geji hapo akaona haisomi kitu akasema pampu imekufa, amekosea sana, hakuna mzigo presha itoke wapi?

Relifu valvu nataka tukae nayo kidogo maana inaharibiwa sana na watu. Ni mlango wa dharura wenye springi. Mzigo ukizidi, badala ya mpira kupasuka au pampu kuvunjika shafti, mlango unafunguka oili inarudi tanki. Ikiwa na uchafu kwenye kiti chake inabaki wazi kidogo, presha haipandi tena, na hapo ndipo watu wengi wananunua pampu bure wakati dawa ilikuwa kuitoa valvu, kuiosha, kuangalia springi na kuirudisha. Kosa la pili ni kuikaza. Mtambo umepungua nguvu, mtu anachukua spana na alen ki anazungusha skrubu nusu, unapata nguvu wiki mbili, kisha mipira inaanza kupasuka mmoja baada ya mwingine. Skrubu hiyo haiguswi bila presha geji na namba ya kitabu cha mtambo.

Na kuna la opareta hapa. Ukiilazimisha leva wakati silinda imefika mwisho wake, au baketi limekwama kwenye jiwe na wewe umeng'ang'ania, oili yote inapita kwenye relifu. Kwa bar 200 na lita 60 hizo ni kilowati 20 (zidisha bar kwa lita, gawa kwa 600) na zote zinageuka joto, hakuna kazi iliyofanyika. Opareta wa hivyo anapika oili kutwa nzima, jioni mtambo umelegea anasema ni mchina huyo, mashine feki.

Oili. Kwenye ndoo au pipa utaona imeandikwa ISO VG 32, 46 au 68, hiyo namba ni uzito wake ikiwa kwenye nyuzi joto 40, kubwa ndiyo nzito zaidi. Pwani kwenye joto wengi wanaweka 68, Njombe au Makete ambako asubuhi kuna baridi ya kweli 46 inakwenda vizuri zaidi, lakini mwenye neno la mwisho ni kitabu cha mtambo, kwa sababu kuna vinavyotaka oili tofauti kabisa. Kazini oili ikiwa nyuzi 50 mpaka 60 iko raha. Ikipita 80 inakuwa nyepesi, inavujia ndani, sili zinaanza kukauka na kuwa ngumu, na oili yenyewe inachakaa haraka. Kwa hiyo mtambo ambao asubuhi unapiga kazi na mchana unalegea, fikiria joto na uchakavu wa ndani pamoja: oili ya baridi ilikuwa nzito inaziba mianya, imepata moto imepata pa kupitia. Na kabla hujafika mbali puliza ile rejeta, unakuta imejaa vumbi na majani hadi upepo haupiti.

Uchafu ndio muuaji namba moja na ubaya wake hauonekani. Jicho la mtu linaishia kwenye maikroni 40 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), nafasi iliyopo kati ya spuli, kile chuma kinachoteleza ndani ya kontroli valvu kufungua njia za oili, na nyumba yake ni maikroni chache tu, kwa hiyo ule mchanga unaouona ni mkubwa mno kuingia, unaochana valvu ni ule usiouona. Sasa angalia tunavyofanya saitini, oili inamiminwa kutoka kwenye dumu lililokatwa, upepo unavuma, mfuniko wa tanki umefunguliwa bila kufutwa pembeni, mpira mpya umekatwa kwa mashine ya kukatia chuma na haukupulizwa ndani, mwisho wa hozi paipu umezibwa kwa tambara lenye nyuzi. Futa kwanza ndipo ufungue. Kila tundu liwe na kifuniko chake cha plastiki, kama huna, nailoni safi iliyofungwa vizuri ni bora mara kumi kuliko tambara. Na filta ya karatasi haioshwi kwa petroli, mkuu, inabadilishwa.

Ukiangalia kimo cha oili hakikisha mtambo uko kwenye mkao ambao kitabu kimesema, kawaida sehemu tambarare na baketi chini. Silinda zikiwa zimetoka nje zimebeba oili nyingi, ukiongeza wakati huo halafu ukazirudisha, tanki linafurika. Oili ikiwa nyeupe mfano wa chai ya maziwa kuna maji au kuna hewa. Chota kwenye chupa uiache: ikirudi safi baada ya muda mfupi ilikuwa hewa, ikibaki hivyohivyo ni maji. Maji unaweza kuyapunguza kwa kulegeza plagi ya chini ya tanki asubuhi kabla ya kuwasha, yanakuwa yametuama. Yakizidi, mwaga oili yote. Hewa inaingilia upande wa kunyonya, kati ya tanki na pampu, na mtego wake ni kwamba upande huo haudondoshi oili nje, unavuta hewa ndani, kwa hiyo huoni kilichovuja. Paka grisi kwenye maungio yote ya mpira wa kunyonyea mtambo ukiwa sailensa (injini inazunguka taratibu bila resi), mahali ambapo ukipaka mlio wa pampu unabadilika ndipo penyewe. Pampu ikilia mlio wa kusaga kokoto zima haraka, ama inanyonya hewa ama chujio limeziba inakosa oili, na haitachukua muda kufa.

Kabla hujagusa spana, usalama, na hapa sitanii. Oili inayotoka kwenye katundu ka sindano kwenye mpira kwa presha ya bar 100 au 200 inapenya ngozi, inapenya na glovu. Usitafute uvujaji kwa kupapasa na kiganja, chukua kipande cha boksi gumu upitishe mbali kidogo, utaona kinavyochorwa. Mtu akichomwa, kidonda kinaonekana kadoa kadogo tu na mwanzoni hakiumi sana, ndiyo maana watu wanapuuza, halafu mkono unavimba na nyama inaoza kwa ndani. Hiyo ni ya kupasuliwa hospitali siku hiyohiyo, tena mapema, na mwambie daktari wazi kabisa kwamba ni oili ya haidroliki imeingia kwa presha, asije akafunga bandeji akakurudisha nyumbani.

Kufungua mpira: baketi na miguu yote chini ardhini, zima injini, chezesha kila leva pande zote mara kadhaa, fungua mfuniko wa tanki taratibu utoe pumzi, ndipo ulegeze nati kidogo kidogo. Kama mtambo una akyumuleta, lile chupa lenye gesi ya naitrojeni, lenyewe linabaki na presha hata injini ikiwa imezimwa tangu jana, fuata kitabu. Na usiingie chini ya bodi ya tipa lililonyanyuliwa bila nguzo ya chuma iliyokusudiwa kazi hiyo. Jeki la tipa halina oili ya upande wa pili, linashushwa na uzito wa bodi lenyewe, kwa hiyo mpira ukipasuka au mtu akagusa leva kabini hakuna kitakachoizuia. Hapohapo kwenye tipa, PTO (kile kifaa kinachochukua mzunguko wa injini kuzungusha pampu) ikiachwa imeingia dereva akaondoka nayo barabarani, pampu inazungushwa kwa spidi ambayo haikutengenezewa, na bodi linaweza kupanda lenyewe mpaka kwenye nyaya za umeme.

Haya, kutafuta ugonjwa. Kuna kipimo cha bure kabisa: weka resi ya kazi, peleka silinda moja mpaka mwisho, shikilia leva sekunde mbili tatu usizidishe, sikiliza injini. Injini ikizama kidogo na kutoa moshi maana yake pampu imebeba mzigo, presha inapatikana, na kama inazama mpaka inataka kuzima mchunguze injini kwanza, filta ya dizeli, hewa, si haidroliki. Injini isiposhtuka hata kidogo, oili inatorokea mahali, na kazi yako ni kupajua.

Baada ya hapo funga geji ya mpaka bar 400 kwenye tundu la kupimia, oili iwe imepata moto, rudia kitendo kilekile usome. Pima kila leva. Zote zikiwa chini sawasawa, tatizo ni la wote, yaani kimo cha oili, chujio la kunyonyea, relifu kubwa, ndipo pampu, nenda kwa mpangilio huo kwa sababu ndio mpangilio wa bei. Ikiwa chini moja tu na nyingine ziko sawa, pampu iko salama usiiguse, tafuta kwenye valvu au silinda ya kitendo hicho. Presha ikiwa nzuri kote lakini mtambo unakwenda polepole, huo ni upungufu wa oili inayofika kwenye silinda: resi haifiki, au pampu imechakaa inavujia ndani. Kuna mtu atakushauri uzibe njia inayotoka kwenye pampu ya gia uone kama "inasukuma". Usifanye. Ukiziba kabla ya relifu valvu oili haina pa kwenda kabisa na kitu lazima kipasuke, na wewe umesimama pale.

Silinda inayoshuka yenyewe ukiacha leva, usikimbilie sili. Toa silinda yote nje mpaka mwisho, zima, toa presha, fungua mpira wa upande wa fimbo, uzibe mpira huo kwa plagi ya chuma ya saizi yake, weka chombo chini ya tundu la silinda lililobaki wazi na kila mtu akae pembeni. Washa sailensa na sukuma leva ya kutoa, taratibu. Matone machache mwanzoni ni oili iliyobaki. Ikiendelea kuchuruzika mfululizo sili za pistoni zimekwisha. Isipotoka kitu, silinda nzima, rudi kwenye kontroli valvu, spuli yake au valvu yake ndogo ya kuzuia ndiyo inayopitisha.